Mhubiri Aliyeanza kwa Kuuliza

Wenzetu wa visiwani wapitao Mkunazini, Unguja, huliona kanisa kubwa la mawe. Ni wachache wakumbukao kwamba pahali hapo palitanguliwa na kibanda cha udongo, alimohubiri Edward Steere.

Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria kabla ya kuwa padri. Alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Hakukimbilia kuhubiri, bali aliketi na wenyeji akiwauliza maneno na kuandika hadithi zao. Mwaka 1870 vikatoka kitabu chake cha kujifunzia Kiswahili na mkusanyo wa hadithi za Unguja. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwamo mwanachuoni mashuhuri, Sheikh Abdul Aziz al-Amawi, katika kuzifasiri Zaburi.

Mwaka 1873, Sayyid Barghash alipotia sahihi mkataba na Uingereza, soko la watumwa lilifungwa. Hapo ndipo Steere alipohubiri kwa Kiswahili. Waliomjia wengi walikuwa Waislamu wenye elimu na dini yao. Walikuja kwa udadisi, wakasikiliza na kuhojiana naye, kisha wakarudi makwao na imani ile ile. Hata Mtume Paulo, alipohubiri Athene mbele ya Wagiriki waliopenda habari mpya, alichekwa na baadhi yao, na walioamini walikuwa wachache.

Steere, aliyepewa uaskofu mwaka 1874, aliendelea kuhubiri na kujenga. Ibada ya kwanza katika kanisa hilo ilifanyika siku ya Krismasi. Alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Tukimpima kwa idadi ya waongofu wa Mkunazini, tutasema hakufua dafu. Lakini Kiunguja alichokiandika kwa msaada wa wenyeji ndicho kilichochukuliwa baadaye, katika miaka ya 1920, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa lugha hiyo mtumishi wa serikali atokaye pwani huweza leo kusimama Gorong'a, wilayani Tarime, akasema na Wakuria.

Hata hivyo, kueleweka si kukubaliwa. Bibi kizee wa Gorong'a ana Kikuria chake, na ana fikra zake kuhusu shamba na ng'ombe wake. Kiongozi amwendeaye na hotuba iliyokwisha kuandikwa atapigiwa makofi na kuachwa peke yake. Sisi twasema: viongozi wetu na waanze alipoanzia Steere, kwa kuuliza.