Mo Amin: Mtoto wa Islii aliyejua bei ya picha yake

Kama unaishi Umoja, Kayole ama Buru na una kamera, huenda simu hii umeshaipokea. Hoteli ya kifahari inataka picha za vyumba, kidimbwi cha kuogelea na sahani za mkahawa wake. Inataka kazi safi, na inaitaka kabla ya wikendi. Ukitaja bei, unaambiwa utapata jina, tena utalala usiku mmoja bure na kupewa kiamshakinywa.

Kabla hujajibu, hebu msome Mohamed Amin, ambaye dunia nzima ilimwita Mo.

Mo alizaliwa Islii, Agosti 29, 1943. Usifikirie Islii ya leo yenye maduka ya nguo ghorofa kwa ghorofa na matatu za namba 6 na 9 zikigombania abiria. Wakati huo mkoloni alikuwa ameugawa mji kwa rangi ya ngozi, na Islii ilikuwa mtaa wa Wahindi na Wasomali. Familia yake ilikuwa ya Kipunjabi, na babake alifanya kazi kwenye reli. Mnamo 1952 kazi hiyo ikawahamishia Dar es Salaam.

Huko Dar ndiko kijana alinunua kamera yake ya kwanza, Box Brownie kuukuu, kwa shilingi 40. Ni kisanduku tu chenye lenzi, wala hakina mbwembwe. Akiwa bado mwanafunzi alianza kupiga picha za Safari Rally na kuziuza kwa magazeti. Ona hapo alivyofikiri: magari yanapita, vumbi linatimka, watu wengine wanashangilia, yeye anajiuliza nani atanunua.

Kufikia 1963, akiwa na miaka kama 20, tayari alikuwa na kampuni, Camerapix. Mara nyingi alibeba kamera mbili kwenye tukio moja, ya filamu na ya picha za kawaida. Filamu ilienda kwa shirika la habari za televisheni, picha zikaenda kwa magazeti. Safari moja, mauzo mawili. Wenzake walilalamika kwamba anawafungia njia, na sidhani walimsingizia. Mo alikuwa mkali wa biashara, na hakujificha.

Lakini usimpunguze awe mfanyabiashara tu. Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea Januari 1964, alienda kuyapiga picha. Mwaka wa 1966 alikamatwa kisiwani humo, akafungwa karibu mwezi mzima, kisha akafukuzwa na kurudishwa Kenya. Hivyo ndivyo Nairobi ilivyompata tena.

Julai 5, 1969, Tom Mboya alipigwa risasi katikati ya jiji, nje ya duka la dawa kwenye barabara ambayo sasa ni Moi Avenue. Mboya ndiye aliyekuwa mbunge wa Kamukunji, upande huu wetu wa Eastlands. Mo alifika mbio, akaingia kwenye ambulansi na kuendelea kupiga filamu madaktari wakihangaika kumwokoa. Filamu hiyo ilimletea tuzo Uingereza. Wapo wanaouliza mpaka leo kama ilikuwa heshima kumpiga picha mtu akikata roho. Mimi naona bila filamu hiyo tungebaki na uvumi mtupu kuhusu dakika zile, ila swali lenyewe si la kupuuzwa.

Kisha ikaja Korem. Oktoba 1984, Mo na mwanahabari wa BBC, Michael Buerk, walifika kaskazini mwa Ethiopia ambako maelfu ya watu walikuwa wakifa njaa. Kufika huko hakukuwa rahisi. Serikali ya Addis haikutaka kamera huko, na Mo alitumia marafiki aliowajenga kwa miaka ili apate kibali. Ripoti ilionyeshwa BBC Oktoba 23, kisha ikarushwa na vituo zaidi ya 400 duniani. Matokeo yake yalikuwa wimbo wa Band Aid, halafu tamasha la Live Aid la Julai 13, 1985, London na Philadelphia. Mtoto wa Islii aliitoa dunia machozi, na mifukoni ikatoka pesa ya chakula.

Nyumbani, Camerapix ilikuwa ikila kwa kazi nyingine kabisa. Ilichapisha vitabu vikubwa vya picha kuhusu Kenya, Ziwa Turkana, Makka na kwingineko. Ilitengeneza pia Selamta, jarida la ndani ya ndege la Ethiopian Airlines. Majarida ya aina hiyo huishi kwa hoteli, fuo na mbuga, yaani kazi ile ile unayopigiwa simu leo. Tofauti ni kwamba Mo alikuwa mwenye kampuni, na picha zikabaki kwenye maktaba yake.

Na hapa nikunong'onezee jambo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema mtu akikuagiza kazi, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Maana yake, ukipiga vyumba 30 vya hoteli bila mkataba, hoteli inaweza kuzitumia picha zako kwenye mabango miaka kumi, na wewe huna lako. Andikianeni: matumizi gani, wapi, kwa muda gani. Kisha ndio mzungumze bei.

Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa wakati Mo na kikosi chake wakipiga filamu. Fundi wake wa sauti, John Mathai, alifariki. Mo alipoteza mkono wa kushoto. Alitengenezewa Marekani mkono wa bandia unaoweza kushika kamera, na baada ya miezi michache akarudi kazini.

Novemba 23, 1996, akitoka Addis kuja Nairobi, ndege yao ya Ethiopian ilitekwa na wanaume watatu. Mafuta yaliisha, ikaanguka baharini karibu na ufuo wa hoteli ya kifahari ya Galawa, Komoro. Kati ya watu 175, walikufa 125, Mo akiwa mmoja wao. Walionusurika walisimulia kwamba alikuwa amesimama, akibishana na watekaji.

Video ya ndege ikipasuka kwenye maji ilizunguka dunia nzima. Aliyeipiga alikuwa mtalii aliyekuja hotelini kwa fungate.

Hazina ya Mo imebaki Camerapix, chini ya mwanawe Salim. Ukihitaji picha moja kwa filamu yako, unaomba ruhusa, na unalipa.