Frank Capra: alizungusha bahasha kama sisi

Mwanachuo mwenzangu, ukirudi nyumbani Krismasi, itazame It's a Wonderful Life na familia. Aliyeitengeneza, Frank Capra, alizaliwa Sicily, Italia, mwaka 1897. Mwaka 1903 wazazi wake wakahamia Marekani, maskini kabisa. Alijisomesha kwa vibarua, akahitimu uhandisi wa kemia mwaka 1918. Ajira ya fani yake hakupata. Akasota miaka kadhaa mpaka akaangukia kwenye sinema, na filamu yake ya 1934 ikazoa tuzo 5 kubwa za Oscar.

Hii ya Krismasi ilitoka 1946. Jamaa mmoja, madeni yamemfika shingoni, anataka kujiua. Malaika anamwonyesha mji wao ungekuwaje bila yeye. Filamu ikala hasara, kampuni ya Capra ikauzwa. Mwaka 1974 hakimiliki haikuhuishwa, basi vituo vya TV vikairusha bure kila Desemba. Watu wakaipenda mno. Capra alifariki 1991, akiwa ameshayaona hayo.

Kwa hiyo wewe unayezungusha bahasha, usijihesabu hasara mapema. Hesabu bado haijafungwa.