Muyaka bin Haji: Malenga wa Mvita aliyehitaji msomaji mwenye kufahamu

MALENGA Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alipofariki dunia mjini Mombasa yapata mwaka wa 1840, aliacha mashairi mengi vinywani mwa watu lakini hakuacha diwani hata moja iliyopigwa chapa. Uchapishaji wa vitabu vya Kiswahili ulikuwa bado haujaanza. Hata hivyo, jina lake halikosi kutajwa panapozungumzwa historia ya ushairi wa Kiswahili. Jinsi tungo zake zilivyookoka ni kisa cha usomaji na ufahamu, sawa na kilivyo kisa cha utunzi.

Muyaka alizaliwa Mombasa yapata mwaka wa 1776. Mji huo, ambao wenyeji waliuita Mvita na pia Kongowea, ulikuwa chini ya maliwali wa ukoo wa Mazrui. Ukoo huo ulikuwa na asili yake Oman, lakini tangu karne ya 18 ulikuwa umejitenga na watawala wa huko na kujiendeshea mambo yake wenyewe. Muyaka aliishi karibu na wakuu hao, akawa mtetezi wao kwa ulimi, na pale alipoona wamekosea hakusita kuwaonya kwa tungo.

Kabla ya zama zake, sehemu kubwa ya ushairi ulioandikwa katika upwa wa Afrika Mashariki ilihusu dini. Tenzi ndefu za Pate na Lamu zilisimulia maisha ya Mitume, vita vya Waislamu wa kale na mawaidha ya Akhera. Muyaka alilichukua shairi la mishororo minne, lenye vina vya kati na vya mwisho na mizani 16 kwa kila mshororo, akalitumia kusemea mambo ya kila siku. Alitunga kuhusu mapenzi na usaliti, ukata na utajiri, safari za baharini, majirani, hila za wanasiasa na majivuno ya miji. Ushairi ukatoka msikitini na kufika sokoni na barazani.

Siasa za wakati huo hazikuwa za mchezo. Yapata mwaka wa 1812, majeshi ya Mombasa yakishirikiana na wenzao wa Pate yaliishambulia Lamu, yakashindwa vibaya katika vita vya Shela. Lamu ikaomba ulinzi wa Seyyid Said bin Sultan wa Oman, na tangu hapo Mombasa ikawa na adui mwenye nguvu mlangoni. Mnamo 1824, Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliuweka mji huo chini ya himaya ya nchi yake, lakini serikali ya Uingereza haikuuidhinisha mpango huo na kufikia 1826 himaya ilikuwa imeondolewa. Seyyid Said alirudi na merikebu zake mara kadhaa kuanzia 1828. Hatimaye, mwaka wa 1837, ukoo wa Mazrui ukiwa umegawanyika wenyewe kwa wenyewe, aliitwaa Ngome ya Yesu na kuuangusha utawala wao.

Katika miaka yote hiyo, mashairi yalikuwa silaha. Lamu ilikuwa na malenga wake, Bwana Zahidi Mngumi, na Mvita ilikuwa na Muyaka. Watu wa mji mmoja walitunga, wa mji wa pili wakajibu. Aghalabu shairi halikumtaja mtu kwa jina. Lilimsema mnyama, chombo cha baharini, mti au ngoma, na wasikilizaji wakajua papo hapo ni nani aliyelengwa. Fumbo lilimlinda mtunzi, na pia liliwafurahisha waliolifumbua.

Hapo ndipo ilipokuwa hatari. Fumbo humtegemea mtu anayelijua tukio lililolizaa. Mashahidi wa tukio wakishafariki, shairi hubaki na vina vyake, mizani yake na maneno yake matamu, lakini ufunguo wake huwa umezikwa. Msomaji wa baadaye atamwona mnyama tu mahali ambapo malenga alimkusudia liwali.

Maandishi nayo yalikuwa na ugumu wake. Waswahili wa siku hizo waliandika kwa herufi za Kiarabu, ambazo kwa desturi ya zamani hazikutenganisha sauti zote za Kiswahili. Herufi moja ilitumika kwa sauti ya p na ya b, na mara nyingi sauti ya m iliyotangulia b haikuandikwa. Hivyo maneno baba, papa, pamba na bamba yangeweza kuandikwa kwa namna moja. Msomaji alilazimika kwanza kufahamu kinachozungumzwa ndipo aweze kulitamka neno sawasawa. Isitoshe, Muyaka alitunga kwa Kimvita, ambamo njia ni ndia, macho ni mato, na kuteka ni kucheka. Asiyeijua lahaja hiyo atamdhania mtu anayecheka kuwa anachota maji kisimani.

Aliyeziokoa tungo hizo ni msomi wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Katika miaka ya 1880, zaidi ya miongo minne baada ya kifo cha Muyaka, alishirikiana na mmisionari Mwingereza, William Taylor, kuyakusanya mashairi yaliyokuwa yangali yanakumbukwa mjini. Mwalimu Sikujua hakutosheka na kuyanakili. Alieleza maneno magumu, akabainisha shairi lilitungwa kwa sababu gani na lilimlenga nani. Ingawa jina lake lilimaanisha kutojua, yeye ndiye aliyejua, na ujuzi wake uliingia katika karatasi za Taylor, ambazo baadaye zilihifadhiwa katika chuo kikuu mjini London.

Kutokana na karatasi hizo, William Hichens aliyahamishia mashairi katika herufi za Kirumi, na Diwani ya Muyaka ikachapishwa Johannesburg mwaka wa 1940, karne moja baada ya kifo cha malenga. Mnamo 1979, msomi Mkenya Mohamed Hassan Abdulaziz alichapisha kitabu chake kuhusu Muyaka, akiyafasiri mashairi kwa Kiingereza na kuyarejesha katika historia ya Mombasa iliyoyazaa.

Maisha ya Muyaka yanawakumbusha wanaosoma ushairi leo kwamba kuna kazi mbili, na kila moja ina wakati wake. Mashairi yake ya mapenzi na ya ukata hayahitaji mkalimani mwingi. Aliyewahi kuachwa na marafiki alipofilisika atajiona humo bila kuelezwa habari za Shela wala za Seyyid Said, na hisia zake zitakuwa za haki. Lakini mashairi ya siasa hayajifungui kwa hisia pekee. Mwanafunzi anayehesabu mizani, akataja aina ya vina, kisha akaeleza jinsi shairi lilivyomgusa kabla hajauliza nani alikuwa akiambiwa nini na kwa nini, huwa anajisikiliza mwenyewe. Tafakuri ya nafsi ina thamani kubwa zaidi ikiwa imetanguliwa na ufahamu, kwa maana hapo msomaji huwa anamjibu malenga, kama watu wa Lamu walivyomjibu.

Mwalimu Sikujua alifariki dunia mwaka wa 1890, miaka 50 kabla ya diwani kutoka mitamboni. Hakuiona. Lakini kila shairi la fumbo linaloeleweka humo linatokana na swali ambalo mtu alimuuliza mapema, angali hai, naye akalijibu.