Guglielmo Marconi: Aliyesimamisha Waya Ili Dunia Isikilizane

Kila tunapofungua redio hapa Zuzu kusikiliza katekesi au habari za Kanisa, tunanufaika na kazi ya Guglielmo Marconi, aliyezaliwa tarehe 25 Aprili 1874 mjini Bologna, Italia.

Kabla yake, Mjerumani Heinrich Hertz alikuwa amethibitisha kwamba mawimbi ya redio yapo, lakini ndani ya chumba tu. Mwaka 1895, katika shamba la baba yake huko Pontecchio, Marconi aliuinua waya mmoja juu na mwingine akauzika ardhini. Mawimbi yakavuka kilima, na kaka yake Alfonso akafyatua bunduki upande wa pili kumjulisha kwamba yamefika.

Antena iliyosimama hutoa mawimbi yaliyosimama, na iliyolala hutoa yaliyolala. Wataalamu huita jambo hili polaraizesheni. Antena mbili zinazoonana zikitofautiana, moja ikisimama na nyingine ikilala, sauti hufifia sana. Katika masafa marefu hali ni tofauti: mawimbi mafupi hurudishwa duniani na tabaka la juu la anga, na humo hugeuzwa, hivyo ulinganifu huo hupungua umuhimu. Kinachohitajika zaidi ni mawimbi kuondoka yakiwa chini, karibu na upeo wa macho. Antena iliyosimama hufanya hivyo kwa wepesi. Iliyolala sharti iinuliwe juu sana. Ndiyo maana hata leo wapenzi wa redio za ridhaa, wanaozungumza na mabara mengine kwa mitambo midogo, hupima kwanza namna ya kuweka waya wao.

Tarehe 12 Desemba 1901, huko Newfoundland, Marconi aliinua waya kwa tiara na kutangaza kwamba amesikia nukta tatu zilizotumwa kutoka Poldhu, Uingereza, ng'ambo ya Atlantiki. Wengi walitilia shaka, kwa kuwa ushahidi ulikuwa masikio tu. Hakubaki kubishana. Februari 1902, akiwa melini Philadelphia, alipokea ujumbe ulioandikwa na mtambo kwenye utepe, akagundua pia kwamba usiku mawimbi hufika mbali kuliko mchana. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Karl Ferdinand Braun. Mwaka 1912 meli ya Titanic ilipozama, mitambo ya kampuni yake iliiita meli Carpathia, na watu zaidi ya 700 wakaokolewa.

Papa Pius XI alimkabidhi kazi ya kujenga Radio Vatikani, iliyozinduliwa tarehe 12 Februari 1931. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, redio hiyo ilitangaza majina ya waliopotea ili familia zao ziwapate.

Hata hivyo, hatupaswi kuficha kwamba mwaka 1923 Marconi alijiunga na chama cha kifashisti cha Mussolini. Serikali za kidikteta zilitumia redio ileile kueneza chuki. Waya haubagui: hupeleka Injili, hupeleka na uongo. Uchaguzi ni wa mwenye kunena na mwenye kusikiliza, nasi twawajibika kwa ujumbe tunaousambaza kwa simu zetu.

Marconi alifariki Roma tarehe 20 Julai 1937. Vituo vya redio katika nchi nyingi vilinyamaza kwa dakika mbili kwa heshima yake. Tumwombee pumziko la milele.