Saad bin Abi Waqqas na Thuluthi ya Mali

Saad bin Abi Waqqas, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, ni mtu wa Bani Zuhra katika Makureshi, ukoo wa Bibi Amina mzazi wa Mtume. Alisilimu angali kijana, naye ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, na ndiye wa kwanza aliyetupa mshale katika njia ya Mwenyezi Mungu. Khabari za vita vyake wengi wanazijua. Lililo haba kuangaliwa ni kuwa hukumu kubwa ya sharia katika wasia ilitokea kwenye kitanda chake cha ugonjwa.

Mwaka 10 wa Hijra (632), katika Hija ya Kuaga, Saad alishikwa na maradhi Makka hata akayakurubia mauti. Alikuwa mwenye mali nyingi, wala hakuwa na mtoto ila binti mmoja. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokwenda kumzuru, Saad alitaka ruhusa atoe sadaka thuluthi mbili za mali yake. Akakatazwa. Akataka nusu, akakatazwa. Akataka thuluthi, akaruhusiwa, pamoja na kujulishwa kuwa hata hiyo ni nyingi. Akabainishiwa kuwa kuwaacha warithi na cha kuwatosha ni bora kuliko kuwaacha mafukara wakiwanyoshea watu mikono, na kuwa hata tonge ampayo mtu mkewe ina thawabu.

Na Saad hakutaka kuipoteza mali yake wala kumpendelea mtu. Alitaka kuwapa maskini. Mtu ataweza kuuliza: mali ni yake, na apewaye ni muhitaji, basi dhara iko wapi? Dhara ni kuwa mgonjwa wa mauti anatoa kitu ambacho haki ya wengine imekwisha kukigusa. Abubakar alileta mali yake yote katika matayarisho ya Tabuk, mwaka 9 (630), akakubaliwa. Walakin yeye alikuwa mzima, na lililompungukia lilimpungukia yeye. Binti wa Saad alikuwa na nusu kwa fungu lake, na baada yake wako asaba wa Bani Zuhra. Wala khiari ya mwenye mali haikuondolewa yote: thuluthi ni yake, aipeleke kwa fukara au msikiti apendao.

Kwa hiyo madhehebu ya Shafii yanahisabu hiba, sadaka na wakfu wa mgonjwa wa mauti ndani ya thuluthi, na kilichozidi kinangoja idhini ya warithi. Asiye na mrithi, kilichozidi ni cha Waislamu wote. Wako watu ambao pumzi ikiwa imewafika kooni ndipo huita mashahidi waandikishe nyumba yote wakfu, na mabinti wakaachwa kukaa kwa jirani. Hao hudhani wamefanya wema.

Saad akapona. Akaongoza jeshi Qadisiyya, akaiteka Madain mwaka 16 (637), na mwaka 17 (638) akaujenga mji wa Kufa. Hapo likatokea jambo la pili la urithi, kubwa kuliko la kwanza. Ardhi ya Sawad ya Iraq, yenye mito na mitende, ilikuwa mikononi mwa walioipigania, nao walitaka wagawiwe. Seyyidna Omar akamwandikia Saad agawe ngawira za kuchukulika, na ardhi aiache kwa wailimao, watoe kharaji. Alichelea kuwa ikigawiwa itarithiwa na wachache, na watakaozaliwa baadaye wasikute kitu, wala Baitulmali isipate cha kuwapa wajane na walinzi wa mipaka.

Imam Shafii ameona kuwa ardhi ile iligawiwa kwanza, kisha Omar akairudisha kwa ridhaa ya wenyewe. Kabila la Bajila, pamoja na mkubwa wao Jarir bin Abdallah, walikuwa na robo ya Sawad, nao wakairejesha. Mwanamke wao mmoja, Ummu Kurz, alikataa: lile lilikuwa fungu la marehemu babake. Alitaka ngamia mtulivu aliyetandikwa nguo nyekundu, na viganja vyake vijazwe dhahabu. Khalifa wa Waislamu wote hakumnyang'anya. Alimpa alivyotaka, ndipo akaridhika.

Watu wa Kufa wakamshitaki Saad, akauzuliwa. Lakini Omar alipokuwa akifa mwaka 23 (644) alimtia katika wale sita wa kushauriana, akaeleza kuwa hakumuuzulu kwa udhaifu wala khiyana. Zilipokuja fitina baina ya Waislamu alijitenga, asipigane upande wowote. Akafa nyumbani kwake Aqiq mwaka 55 (675), akachukuliwa mabegani hata Madina, akazikwa Baqii. Imesimuliwa kuwa alisanifiwa katika juba la sufi kuukuu alilolivaa siku ya Badri, na kuwa aliacha dirhamu 250,000. Yule aliyekuwa na binti mmoja alikuwa amekwisha pata wana na mabinti wengi, na mmoja wao, Amir, ndiye aliyeipokea kwa babake khabari ya thuluthi na kuwafikishia watu.