Dakta Leakey na Siri ya Maziwa Yaliyokauka

Akitajwa marehemu Dakta Louis Leakey, wengi wetu hukumbuka mafuvu ya kale. Lakini bwana huyu kabla ya kusoma mifupa aliisoma ardhi: maji yalijaa wapi, yalikauka lini, na viumbe walihama vipi kuyafuata.

Alizaliwa Kabete mwaka 1903, mwana wa wamisheni wa Kiingereza. Alikua na vijana wa Kikuyu, akaijua lugha yao barabara. Tangu utotoni alikuwa akiokota mawe yaliyochongwa na watu wa zamani. Alikwenda Cambridge akikusudia kuwa mmisheni, lakini mawe yale hayakumwachilia. Mwaka 1926 alirudi Kenya kuchimba katika Bonde la Ufa, pande za Nakuru na Elmenteita.

Huko aliona alama za kingo za ziwa juu sana kuliko maji yenyewe. Kumbe maziwa nayo hujaa na kupwa kama bahari yetu, ila kupwa kwake huchukua maelfu ya miaka. Maji yakija, watu huja na mawindo yao. Yakienda, nao hufunga safari.

Leakey alidhani kwamba nyakati za mvua za Afrika zililingana moja kwa moja na zama za barafu za Ulaya. Wataalamu wa baadaye waliikataa hesabu hiyo, lakini asili ya wazo lake imesimama: mvua na ukame ndivyo vilivyowahamisha wazee wetu wa kale.

Ardhi ilimfunza na adabu pia. Mwaka 1932 alitangaza taya la Kanam, karibu na Ziwa Victoria, kuwa la zama za mbali mno. Bingwa wa miamba, Percy Boswell, alipokuja kuhakikisha, Leakey alishindwa kumwonyesha mahali hasa lilipotoka. Vigingi alivyosimika vilikuwa vimetoweka. Mwaka 1935 Boswell aliyachapisha hayo, na sifa ya Leakey ikachafuka. Mfupa usiojulikana tabaka lake ni shahidi asiye na ushahidi.

Hakukata tamaa. Alirudi tena na tena Olduvai, Tanganyika, mahali palipokuwa na ziwa la kale na majivu ya volkano yaliyofunika mifupa. Tarehe 17 Julai 1959, Leakey akiwa kitandani kwa homa, mkewe Mary aliliona fuvu lililokuja kupimwa umri wa miaka 1,750,000 hivi. Safari hii tabaka lilijulikana. Wakaliita Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliiitia pwani yetu hii.

Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Wako miongoni mwetu wanaozikimbia habari hizi kwa kuichelea imani. Lakini Kitabu chetu kimetuamrisha tutembee katika ardhi tutazame Mola alivyoanza kuumba. Yeye alitembea na kutazama. Alipokosea, ardhi ilimrudi. Ujuzi kamili ni wa Mwenyezi Mungu.