Ibn al-Haytham: Tunamsifu, lakini je, tunamfuata?

Kila inapotajwa elimu katika mihadhara yetu, jina la Ibn al-Haytham halikosi. Atatajwa pamoja na Ibn Sina na al-Khwarizmi, takbira itapigwa, kisha watu watatawanyika. Sina ugomvi na takbira. Lakini ndugu msomaji, hebu tujiulize: katika sisi tunaoitikia, wangapi tunajua mtu huyu alifanya nini hasa kwa mikono yake?

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham. Alizaliwa Basra, Iraq, yapata mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia. Wazungu walilichukua lile jina al-Hasan, wakalitamka walivyoweza, ndipo wakamwita Alhazen.

Waandishi wa tarjama za wanachuoni, akiwemo al-Qifti aliyeandika kiasi cha miaka 200 baada yake, wanasimulia kuwa sifa zake zilimfikia al-Hakim, Khalifa wa Kifatimi aliyetawala Misri tangu mwaka 996 hadi 1021. Khalifa alisikia kwamba kuna mtu Iraq anayedai anaweza kuyadhibiti maji ya mto Nile, yasizidi wala yasipungue. Akamwita Cairo, akampa watu na mali. Ibn al-Haytham akapanda na mto hadi karibu na Aswan. Njiani aliyaona majengo ya Wamisri wa kale, akatambua kuwa watu wenye hesabu na ufundi ule wangekuwa wameshalifanya jambo hilo kama lingewezekana. Alipofika penyewe na kupima, akaona haliwezekani. Akarudi kwa Khalifa, akasema hivyo.

Alipewa kazi ya ofisini, lakini alimwogopa mtawala yule ambaye hasira zake hazikuwa na mpangilio. Akajifanya mwendawazimu. Mali yake ikachukuliwa, akafungiwa nyumbani, na inasimuliwa kuwa alibaki katika hali hiyo mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Baada ya hapo akaishi jirani na msikiti wa al-Azhar, akila jasho la kalamu yake. Kila mwaka alinakili vitabu vya hesabu na falaki, kimojawapo kile cha Euclid, akaviuza kwa dinari 150, na hizo zikamtosha. Alifariki Cairo yapata mwaka 1040.

Katika miaka hiyo ndipo alipoandika Kitab al-Manazir, kitabu cha juzuu saba kuhusu mwanga na kuona. Kabla yake, Euclid na Ptolemy walishika kwamba jicho ndilo linalotoa miali na kuvigusa vitu. Ibn al-Haytham alisema kinyume: mwanga unatoka kwenye kitu na kuingia jichoni. Na moja ya hoja zake ni hii anayoijua hata mtoto, kwamba ukilikodolea jua, jicho linauma. Kama jicho ndilo linalotoa, kwa nini liumizwe na kinachotoka nje?

Lakini hakuishia kwenye hoja. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza. Ukutani ndani yakaonekana mabaka ya mwanga, idadi yake sawa na taa. Akaifunika taa moja. Likapotea baka lake tu. Akaifunua, likarudi pale pale. Miali yote ilipita katika tundu moja, ikakutana, ikapishana, na hakuna uliomharibia mwenzake njia. Akatoa hukumu kwamba mianga haichanganyiki hewani. Kila mmoja unashika mstari wake ulionyooka.

Anayetaka kuuona mstari huo hahitaji kwenda Cairo. Kwetu Kasanda, huko nyanda za juu za Kigoma, eneo lililokuwa wilaya ya Kibondo na tangu 2012 liko Kakonko, jiko lolote lenye bati lililotobolewa na msumari linauonyesha. Asubuhi moshi unapojaa, mwali wa jua unasimama katikati ya jiko kama fimbo. Sote tuliokulia kule tumeuona. Yeye aliuona akauuliza maswali.

Na nina sababu ya kuitaja Kasanda. Kuna kijana wa huko anayejitengenezea projekta ya leza ya kuchora picha ukutani, ili aikodishe kwenye sherehe. Ana leza tatu, nyekundu, kijani na buluu, na vioo viwili vya aina ambayo mafundi huiita daikroiki. Hivi ni vioo vilivyopakwa tabaka nyingi nyembamba mno, kiasi kwamba rangi moja inapita na nyingine inarudishwa. Mwali mwekundu unapita moja kwa moja. Kioo cha kwanza, kilichosimama kwa pembe ya nyuzi 45, kinauongeza wa kijani juu yake. Cha pili kinaongeza wa buluu. Vikipangwa sawasawa, miali mitatu inakuwa njia moja, na jicho linaona mweupe.

Tatizo lake lilikuwa hili: karibu na kioo rangi zinalaliana vizuri, lakini kwenye ukuta wa mbali zinaachana, kila moja na doa lake. Baba yake akaona ni mchezo, akamtaka auze vifaa wanunue mbuzi.

Ndugu msomaji, jibu la kijana huyu lilishaandikwa Cairo miaka 1,000 iliyopita. Kwa kuwa mianga haichanganyiki hewani, miali miwili kukutana mahali pamoja hakuifanyi iwe mmoja. Inapishana tu, kama barabara kwenye njia panda. Ni lazima ilaliane mahali pawili, karibu na mbali. Kwa hiyo kila rangi inayoongezwa inahitaji kioo cha kawaida kinachoipeleka kwenye kile cha daikroiki. Kioo cha kawaida unakirekebisha ukitazama doa la karibu, cha daikroiki ukitazama doa la mbali. Ukigusa kimoja unaharibu kidogo kazi ya kingine, basi unarudia, na kurudia, mpaka madoa yatulie.

Subira inahitajika kwa sababu ya kanuni ambayo Ibn al-Haytham aliipima kwa chombo cha shaba, kwa kioo bapa na kwa vioo vilivyopinda kwa mgongo na kwa tumbo: pembe ya kuingia ni sawa na pembe ya kutoka. Maana yake, ukikizungusha kioo uzi mmoja, mwali unageuka nyuzi mbili. Kwenye ukuta ulio mita 10, doa limehama sentimita 35. Ndiyo maana kazi hii haifanywi kwa nguvu bali kwa skrubu ndogo, na jicho liwe ukutani, kamwe lisiwe kwenye njia ya mwali, maana leza inaweza kulipofua kwa kufumba na kufumbua.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya disko. Nawajibu kuwa leza hiyo hiyo inapima ardhi na kutibu macho. Kijana anayeweza kuinyoosha miali mitatu ameshapita darasa ambalo wengi wenye vyeti hawajalikanyaga. Na mzee wetu wa Kasanda, kwa heshima zote, namwomba amwache kijana wake na vioo vyake. Mbuzi watapatikana, inshaallah.

Kitab al-Manazir kilitafsiriwa kwa Kilatini yapata mwaka 1200, kikachapishwa Basel mwaka 1572. Roger Bacon alikisoma, na Kepler alijenga juu ya msingi wake. Kwa upande wetu, Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki mwaka 1319, alikisherehesha, kisha akaueleza upinde wa mvua kwa kupima mwanga ndani ya chupa ya duara iliyojaa maji. Mwaka 2015, UNESCO ilipoadhimisha Mwaka wa Kimataifa wa Mwanga, ilimkumbuka Ibn al-Haytham.

Waliofaidika naye ni wale waliorudia majaribio yake, wakayapinga palipostahili na kuyaendeleza. Yeye mwenyewe aliandika kitabu kizima cha shaka juu ya Ptolemy, akifundisha kwamba mtafuta haki huanza kwa kuwahoji wakubwa anaowaheshimu, na kujihoji mwenyewe.

Sisi wa mijini tuna madrasa zenye umeme, kumbi na wafadhili. Jaribio lake la taa linahitaji mishumaa mitatu, kadibodi yenye tundu na chumba cha giza. Gharama yake haifikii hata nauli ya mhadhiri mmoja. Mwezi huu, kabla ya mhadhara mwingine wa kumsifu, hebu walimu wetu walifanye mbele ya watoto, na mtoto mmoja apewe kazi ya kuifunika taa na kusema ni doa lipi limezimika.